Gogo Lisiloanguka

Kwenye uwanja wa shule moja ya Bwera, wilayani Kasese, nyuma ya goli la upande wa mlimani, kuna gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya matofali. Matofali yenyewe yameshikwa kwa udongo tu, bila saruji, na gogo limefungwa kwa mipira ya tairi, ile ambayo vijana wa boda boda hufungia mizigo. Mbele ya gogo kuna shimo. Mvua ikinyesha, shimo hujaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi kikija hubaki vumbi, na mbuzi hulala humo.

Asubuhi niliyopita hapo nilimkuta kijana wa sekondari akiruka peke yake, pekupeku. Anakuja mbio, anakanyaga gogo kwa mguu wa kulia, anajirusha, anatua mguu mmoja majini na wa pili ukingoni, kisha anakimbia hatua kama kumi hivi kabla ya kugeuka na kurudi alikoanzia. Nilihesabu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili kidole gumba kiligonga gogo. Gogo halikutikisika. Aliyetikisika ni yeye: alijishika goti, akaenda mbio za kuchechemea hadi mwisho wa hatua zake kumi, ndipo akakaa chini kutazama kidole.

Nikamuuliza kwa nini asiweke ufito mwepesi, ili akiugonga uanguke. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini ziwa la Katwe lina chumvi.

"Mzee, kile chenyewe hakianguki," akasema. Akainuka.

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu kuliko alivyokaa nalo yeye.

Mbio anazojifunza ni zile za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ndani ya mizunguko saba na ushei mkimbiaji huruka mara 35: viunzi vikavu 28, na mara saba kile chenye kidimbwi mbele yake. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, cha wanawake 76.2. Boriti yake ya juu ni nene kiasi cha kukanyagwa, na kiunzi kizima kina uzito wa kilo 80 hadi 100, yaani kama gunia moja na nusu la kahawa. Kidimbwi kina urefu wa mita 3.66, upande wa kiunzi ndiko kwenye kina, na kadiri unavyotua mbali ndivyo maji yanavyopungua. Waingereza walizitoa mbio hizi kwenye mashindano ya farasi ya mashambani, kutoka mnara wa kanisa la kijiji hiki hadi mnara wa kijiji cha pili, kwa kuruka nyua na vijito. Mtoto wa Mubuku anayeruka mifereji ya umwagiliaji ili asichelewe shule hakuhitaji farasi wala mnara.

Katika mbio fupi za viunzi, kiunzi ukikigonga kinaanguka, unaumia kidogo, unaendelea. Hapa ukikigonga unaanguka wewe. Huko Paris, Agosti 2024, Lamecha Girma wa Ethiopia, mwenye rekodi ya dunia ya wanaume ya dakika 7:52.11, alijikwaa katika mzunguko wa mwisho wa fainali ya Olimpiki akaanguka vibaya, akatolewa uwanjani kwa machela. Rekodi haikumsaidia kitu mbele ya boriti ile. Wazee walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nadhani aliyetunga methali hiyo alikuwa na jiwe la njiani akilini. Kiunzi cha kilo mia hakuwahi kukutana nacho.

Sasa niseme jambo ambalo Waganda wengi hatujalitia maanani, ingawa liko wazi. Dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki ililetwa na John Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 za kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Dhahabu ya kwanza ya Uganda katika mashindano ya dunia ya riadha ililetwa na Dorcus Inzikuru, Helsinki 2005, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Na mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa medali ya Olimpiki, tena ya dhahabu, ni Peruth Chemutai, Tokyo, tarehe 4 Agosti 2021, mbio hizo hizo. Nchi ina wakimbiaji wa marathoni, ina akina Cheptegei na Kiprotich, lakini milango hii mitatu ilifunguliwa na watu wenye kitu cha kuruka mbele yao. Sisemi kwamba ni ajabu ya Mungu. Ila ningekuwa mwalimu wa historia ningewauliza watoto darasani kwa nini imekuwa hivyo, kisha ninyamaze niwasikilize.

Tazama pia wametoka wapi hawa wanawake wawili. Inzikuru ni wa Vurra, Arua, penye forodha ya Kongo. Chemutai ni wa Bukwo, kwenye miteremko ya mlima Elgon, jirani wa Kenya. Bwera nayo iko ukingoni hivyo hivyo: ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo, na siku ya soko Kiswahili cha ng'ambo kinajaa Mpondwe kuliko Lukonzo, lugha ya kwetu. Watu wa mpakani hufikiwa na barabara nzuri baadaye, na ahadi huwafikia zikiwa zimechoka. Hata hivyo, bingwa wa dunia wa mbio hizi hajatoka Kasese. Mji wenyewe uko chini ya mita 1,000, kwenye joto la bondeni, ingawa kichwani pake kuna Rwenzori yenye kilele cha mita 5,109. Tunayo marathoni ya mlima huo, inayoleta wageni tangu 2022, na siku hiyo mji hupendeza kweli. Lakini kwenye marathoni hiyo hakuna anayeruka kitu, labda mashimo ya barabara.

Kuhusu maji, Kasese haihitaji kufundishwa. Hapa maji ndiyo huturuka sisi. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukaivamia hospitali ya Kilembe na nyumba za watu zilizokuwa bondeni. Niliwaona watu wakichimbua vitanda kwenye mchanga. Mmoja alikuwa akipanga mawe ya msingi palepale nyumba ilipokuwa, na nilipomwambia mto utarudi, alisema anajua. Sikuona ujasiri katika jibu lake, wala ukaidi. Aliujua mto kama yule kijana anavyolijua gogo lake.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba tunakosea neno tunapowasifia wanariadha hawa. Tunasema "ushujaa". Redio inasema ushujaa, wanasiasa wanasema ushujaa, na bango la benki linasema ushujaa. Mimi ningesema adabu. Mkimbiaji akibakiza hatua kadhaa kufika kwenye kiunzi, lazima aanze kuzipima: afupishe moja, arefushe nyingine, ajue atarukia mguu gani, amwone aliye mbele yake ambaye mgongo wake unamfichia boriti. Hayo yote afanye bila kupunguza kasi, na afanye mara 35, hata ile ya mwisho ambapo miguu imekwisha kuwa uji. Shujaa anayekirukia kiunzi kwa hasira huishia majini kifudifudi. Anayekivuka ni yule anayekipa heshima yake kila mara kana kwamba hajawahi kukiona.

Mfano mzuri kuliko wote wa adabu hii ninaoujua hauhusu medali. Ni wa Beatrice Chepkoech wa Kenya, fainali ya dunia, London 2017. Kidimbwi cha maji hukaa pembeni ya njia ya kawaida, na mkimbiaji lazima akumbuke kukata kona kukifuata. Chepkoech alisahau. Wenzake waligeukia majini, yeye akanyoosha moja kwa moja. Alipogundua, alisimama, akageuka, akarudi nyuma, akaruka peke yake maji ambayo wenzake wote walikuwa wamekwisha kuyavuka, kisha akaanza kuwafukuza. Alimaliza wa nne.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Utaniambia: asingerudi, angeondolewa mashindanoni, kwa hiyo hakuwa na hiari. Ni kweli. Lakini angeweza kukaa chini akalia. Angeweza kutoka uwanjani akishika paja, kama wanavyofanya baadhi ya watu siku zinapowaharibikia, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi kulipa deni la mruko mmoja mbele ya uwanja uliojaa watu, kisha akakimbia zilizobaki kana kwamba wa nne ni nafasi yenye thamani. Mwaka uliofuata, huko Monaco, alikimbia mbio hizo kwa dakika 8:44.32, rekodi ya dunia, akiishusha ya zamani kwa zaidi ya sekunde nane. Mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia. Sidai kwamba London ndiyo iliyozaa Monaco. Maisha hayapangiki hivyo. Nasema tu kwamba ni miguu ileile.

Turudi kwa Chemutai, maana habari zake ndizo zilizobishaniwa sana kwenye vibanda vya video vya huku kwetu.

Alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 17, akatolewa kwenye mchujo. Doha 2019, mashindano ya dunia, akawa wa tano. Tokyo, kwenye uwanja usio na mashabiki kwa sababu ya korona, Mmarekani Courtney Frerichs alichomoka ikiwa imebaki sehemu ndefu ya mbio, na Chemutai akamwacha aende, akamfuata taratibu, akampita katika mzunguko wa mwisho. Dakika 9:01.45, dhahabu. Paris, miaka mitatu baadaye, akawa mbele sehemu kubwa ya mbio, kisha Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayeiwakilisha Bahrain, akampita mwishoni kabisa. Yavi 8:52.76, rekodi ya Olimpiki. Chemutai 8:53.34, fedha. Wa tatu alikuwa Faith Cherotich wa Kenya. Watatu wote waliopanda jukwaani wamezaliwa Afrika Mashariki, jambo ambalo usiku ule halikumfariji mtu kibandani.

"Ameshuka," alisema bwana mmoja aliyekaa karibu yangu, anayeuza samaki wakavu wa Katwe. Wengi wakaitikia. Ameshuka: kutoka dhahabu hadi fedha.

Nilitoa kalamu nikahesabu kwenye karatasi ya chapati. Paris alikimbia kwa sekunde 8.11 chini ya alizokimbia Tokyo. Yule Chemutai wa dhahabu, angeshindana na huyu wa fedha, angeachwa mita kama arobaini na tano nyuma. Alikuwa bora kuliko alivyokuwa, akapewa medali iliyo ndogo kuliko aliyokuwa nayo. Nilipomwonyesha karatasi yule bwana alisema, "Hesabu ni yako, ndugu yangu. Lakini wimbo ni mmoja tu unaopigwa." Kwa hilo sikuwa na jibu. Wimbo wa taifa unaopigwa ni wa mshindi.

Jibu lilinijia njiani nikirudi, nikiwa nyuma ya boda boda. Huku chini ya Rwenzori mtoto hupewa jina la nafasi yake. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ukiitwa jina mbele za watu, kila mtu anajua ulifika wa ngapi. Unaandikishwa shule na namba yako, unaoa na namba yako, unazikwa nayo. Na hakuna mtu Kasese anayemtazama Biira akadhani kwamba ameshindwa na Masika. Biira ni Biira. Ana shamba lake, ana sauti yake kwenye kikao cha ukoo, na mara nyingi ndiye anayemtunza mama.

Kwa hesabu yetu Chemutai alikuwa Ithungu kule Doha, akawa Masika Tokyo, akawa Biira Paris. Majina matatu, mtu mmoja, na kila jina lilikuwa halali siku hiyo.

Najua mfano huu una mpaka wake. Biira hakugombea kuwa wa kwanza, alizaliwa tu. Chemutai alikwenda Paris kutafuta dhahabu, na aliyeona mita zile za mwisho hawezi kusema kwamba fedha ndiyo iliyokuwa nia yake. Siwezi kumtuliza mwanariadha kwa desturi ya majina. Ninayetaka kumtuliza ni huyu aliyekaa kibandani, ambaye hajaruka hata mfereji mwaka huu, na anatoa hukumu ya neno moja huku akinunua yai la kuchemsha. Sisi watazamaji tungekuwa na adabu kidogo ya kiunzi, tungepima kabla ya kuruka.

Maana hukumu hizi za neno moja zina gharama. Inzikuru alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2005 kwa dakika 9:18.24, katika fainali ya kwanza kabisa ya dunia ya wanawake wa mbio hizi. Mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Wakati huo Olimpiki ilikuwa haijawaruhusu wanawake kuruka viunzi na maji. Iliwaruhusu mwaka 2008, Beijing, na Inzikuru hakuwemo. Mlango alioufungua ulipofika Olimpiki, yeye hakuwa na nafasi ya kuupita. Mwaka ule watu walisema "amekwisha", neno moja tena. Binti wa Arua aliyetangulia kuliko wote katika mbio hizo! Kutangulia si kufika, ndiyo, lakini kuna wanaotangulia ili wengine wafike, na kwa kutangulia huko sijawahi kusikia wimbo wowote ukipigwa.

Na yupo Benjamin Kiplagat. Aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki tatu, 2008, 2012 na 2016, bila medali hata moja. Mwaka 2010, Lausanne, alikimbia kwa dakika 8:03.81 na kuweka rekodi ya taifa. Kwa miaka mingi ndiye aliyelibeba jina la nchi katika mbio ambazo Wakenya walikuwa wamezifanya mali yao: tangu 1968 hadi 2016 Kenya ilishinda dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki. Fikiria kazi hiyo. Kila mwaka unaingia uwanjani na mabingwa wa jirani, unajua watakaokuwa mbele, na bado unaruka mara 35. Desemba 2023, siku ya mwisho ya mwaka, alikutwa amefariki ndani ya gari karibu na Eldoret, akiwa na majeraha ya kisu. Alikuwa na miaka 34. Magazeti yaliandika sana juu ya kifo chake, kuliko yalivyowahi kuandika juu ya miaka yake kumi na mitano ya kuruka. Nami ni mmoja wa waliomsoma vizuri siku ile kwa mara ya kwanza, na ninaandika hilo kwa aibu.

Kwa hiyo ninapomfikiria yule kijana wa Bwera sijiulizi kama atakwenda Olimpiki. Huenda asiende. Wengi hawaendi, na gogo la mkaratusi si uwanja wa tatani. Huenda miaka mitano ijayo awe anaendesha boda boda Mpondwe, au anapima kahawa kwenye ghala, au amevuka mto kutafuta maisha Beni. Lakini atakuwa amewahi kuishi na kitu ambacho hakimpendi wala hakimchukii, hakipokei rushwa, hakijui ukoo wake, na hakisogei. Vitu vya namna hiyo vimebaki vichache katika nchi yetu.

Nilipita tena pale shuleni mwezi uliopita. Gogo halipo. Mtu alilibeba usiku, bila shaka likawa kuni. Karatusi kavu inawaka vizuri na jikoni hakuna anayeuliza imetoka wapi. Matofali yamebaki, na shimo limejaa maji ya mvua hizi. Mwalimu wa michezo ameniambia wanatafuta jingine. Mwenye mkaratusi ulionyooka, urefu wa mita nne, asiuchane mbao, aupeleke Bwera. Si lazima uwe mzuri, mradi uwe mzito.